Kuku wa Kwanza wa Clovis Vidrine

Pale kijijini Anse Perdrix, Louisiana, hapakuwa na mtu aliyewakimbiza kuku kwa moyo kama Clovis Vidrine, wala hapakuwa na mtu aliyewakosa kwa uaminifu kama yeye.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kukatia majani. Mikono yake iliweza kufunga skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, tena huku anaongea na mteja na macho yakiwa barabarani. Lakini ikifika Jumanne ya Mardi Gras, sikukuu ya mkesha wa Kwaresima, mikono ile ile ikimkaribia kuku inageuka makasia. Mwaka mmojawapo alimrukia jogoo akakumbatia boga. Mwaka mwingine alipiga mbizi chini ya trela akatoka ameshika mguu wa padri. Kuna kuku mmoja, na hili wazee wanaapa ni kweli, aliyetaga yai ndani ya kofia ya Clovis kisha akaondoka zake taratibu.

"Mume wangu hata kuku wa kwenye friji humponyoka," mkewe Verlie alikuwa akiwaambia watu baada ya misa, na Clovis alicheka pamoja nao, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Maana Mardi Gras kwao si mchezo. Asubuhi wanaume huvaa matambara ya kila rangi, kofia ndefu zenye ncha na barakoa za wavu, wakapanda farasi na matrela, wakaenda nyumba kwa nyumba kuomba vitu vya kupikia gumbo, mchuzi mzito wa nyama, la kijiji kizima. Wengine huwapa mchele, wengine soseji. Wenye roho nzuri humrusha kuku hai hewani, na hapo watu wenye wajukuu na maumivu ya kiuno hugaragara matopeni kama watoto. Atakayemkamata huimbiwa jioni dansini. Clovis alikuwa hajawahi kuimbiwa. Alikuwa akiwaimbia wenzake tangu hajaota ndevu.

Sheria ya msafara ni moja tu. Kapteni peke yake ndiye asiyevaa barakoa, naye ndiye hutangulia nyumbani kwa watu na bendera nyeupe kuomba ruhusa. Akikubaliwa, huipunga bendera, na wengine huvamia. Asipopunga, hakuna kukanyaga ua wa mtu. Anayekiuka huchapwa na mjeledi wa magunia yaliyosukwa, ambao unalia kuliko unavyouma.

Mwaka huo kapteni alikuwa Dewey Lejeune, muuza chakula cha mifugo, mtu mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Msafara ulipofika upande wa mashamba ya mpunga, Dewey alisimama kwenye lango la Alcee Guillory akibishana naye kuhusu urefu wa soseji.

"Yaani unaniita mimi kapteni nije kuchukua kidole?" Dewey alisema.

"Chukua au acha. Mwaka jana ulikula gumbo langu mara tatu hukuuliza urefu."

Nyumba ya pili kutoka pale ilikuwa ya marehemu Eula Fruge, ambaye miaka yote alitoa kuku. Wajukuu wake walikuwa wameiuza kwa mwanamke kutoka Minnesota, Marlys Ostby, mwalimu wa muziki aliyestaafu akafuata joto. Watu wote wa Anse Perdrix walijua kwamba mgeni anapaswa kuelezwa habari za Mardi Gras, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameshamweleza.

Basi Bi Marlys, asiyejua hili wala lile, alitoka barazani akakung'uta kitambaa cheupe cha mezani.

Clovis alikuwa juu ya trela, barakoa imemwendea upande, jicho moja liko kwenye wavu na jingine kwenye giza la kitambaa. Aliona kitu cheupe kinapepea mbele ya nyumba ya Eula Fruge. Hakuuliza. Alishuka peke yake, akavuka mtaro, akapiga magoti mbele ya ngazi kama desturi inavyotaka, akanyoosha mkono na kuanza kuimba wimbo wa kuomba, kwa Kifaransa cha bibi yake, sauti ikipanda na kushuka kama trekta lenye mafuta machafu.

Hebu fikiria uko nyumbani kwako, umekung'uta makombo ya mkate, na kiumbe kisicho na uso kinakulilia kwenye ngazi. Bi Marlys alikimbilia ndani kutafuta simu.

Clovis akageuka, na hapo uani alikuwapo kuku. Kuku mnene, wa rangi ya siagi, aliyeitwa Ingrid, ingawa hilo Clovis hakulijua bado. Alijirusha. Alianguka kifudifudi hatua tatu kabla ya kumfikia. Alipoinua kichwa alimwona kuku bado yuko pale pale, anamtazama kwa jicho moja. Tangu kifaranga Ingrid alikuwa akibebwa na kubembelezwa. Kwake yeye, mtu akilala chini mbele yako maana yake anataka kukubeba. Akakunja miguu, akatanua mabawa kidogo, akakaa.

Clovis alimwokota kama mtu anavyookota kofia yake.

Dewey alipogeuka na kuona mtu wake yuko kwenye ua ambao hajauombea ruhusa, alikuja mbio na mjeledi. Akamchapa Clovis matakoni, akamchapa mgongoni, akamfukuza hadi mtaroni, na Clovis muda wote akicheka na kulia na kumwinua kuku juu kama kombe. Bi Marlys, ambaye sasa alikuwa dirishani na simu sikioni, alichoona ni hiki: watu wawili, mmoja hana uso, mwingine ana mjeledi, na Ingrid wake anaenda.

Kama hadithi ingeishia hapo, Dewey angerudi kuomba radhi, Bi Marlys angepewa bakuli la gumbo, na yote yangeisha. Shida ni kwamba Clovis alienda dansini.

Alikaa katikati ya ukumbi, Ingrid mapajani, watu wamemzunguka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliulizwa swali ambalo alikuwa amejiandalia majibu miaka yote: "Ilikuwaje?"

Sasa, utamwambia nini mtu? Kwamba alikaa?

"Nilimrukia kama chui," Clovis alianza. Bia ilipoongezeka kuku naye aliongezeka. Alikimbia kuzunguka nyumba, alipanda mti, alipigana kwa kucha. Ilipofika mara ya nne mwenye kuku naye aliingia kwenye hadithi. "Yule mama akashika mabawa, mimi nimeshika miguu. Anavuta, navuta. Nikamwangalia usoni, nikamwambia, mama, leo utaachia. Akaachia."

Watu walipiga meza. Mlangoni alikuwa amesimama naibu wa sherifu, Royce Ardoin, ambaye Clovis ndiye baba yake wa ubatizo.

"Nani hapa kachukua kuku kwa nyumba ya marehemu Eula?" Royce aliuliza.

Clovis aliinua mkono. Alipoona Royce bado anatazama huku na huku aliinua na wa pili, na alipoona bado, akamwinua Ingrid. Alidhani amekuja kumpongeza.

"Baba, shusha mikono basi," Royce alisema kwa huruma. "Umevuta kuku kutoka kwa yule mama kweli?"

"Kweli tupu. Keti nikusimulie vizuri."

Akamsimulia vizuri. Royce, kijana mwenye utii kwa kazi na asiye na hila hata kidogo, aliandika neno kwa neno, kisha akamrudisha Ingrid kwa mwenyewe na kumpeleka Clovis kituoni.

*

"Unyang'anyi wa kutumia silaha," alisema Nanette.

Nanette alikuwa mtoto wa kaka yake Verlie na wakili wa utetezi wa wasio na uwezo pale wilayani. Walikuwa wamekaa jikoni kwa Verlie baada ya Clovis kutolewa kwa dhamana, na Verlie alikuwa anaanza gumbo, anakoroga unga kwenye mafuta kwa mwiko kama anayemkoroga mtu.

"Silaha gani?" Clovis aliuliza.

"Mjeledi."

"Mjeledi ulinichapa mimi."

"Hilo nitalisema, mjomba. Lakini mwendesha mashtaka ni mgeni, katoka kaskazini Shreveport, kule kuku wanakamatiwa dukani. Yeye kasoma karatasi ameona barakoa, mjeledi, mama wa watu na mali iliyovutwa mikononi mwake. Kwa sheria ya Louisiana hiyo ni jinai nzito. Chini kabisa miaka kumi ya kazi ngumu."

Mwiko ulisimama. "Na juu?" Verlie aliuliza.

"Tisini na tisa."

"Mbona si mia?"

"Sijui, shangazi. Labda walimhurumia. Na hakuna kutoka mapema, hakuna kifungo cha nje. Unakikaa chote."

Clovis alitazama mikono yake juu ya meza. Alijaribu kujumlisha umri wake na miaka kumi, akafika mahali ambapo hakuna tena magoti.

"Sikiliza," Nanette alisema, akaonyesha sufuria. "Shtaka ni kama hilo gumbo. Lina viungo vyake. Umechukua kitu, kitu ni cha mwenzio, umekichukua mbele yake, umetumia nguvu au umemtisha, na ulikuwa na silaha. Serikali lazima ithibitishe kila kiungo. Kikikosekana kimoja si gumbo tena, ni supu, na supu haiui. Ukitoa silaha unabaki na unyang'anyi wa kawaida, mwisho miaka saba. Ukitoa na nguvu, unabaki na wizi wa kuku, hata miezi sita hufiki."

"Naweza kusema nilijihami?"

"Dhidi ya kuku?"

"Alikuwa mkubwa."

"Mjomba."

"Basi nilikuwa nimelewa."

"Ulevi wa kujitakia hausaidii sana. Jaji atauliza ni nani aliyekufungua mdomo akakumiminia." Nanette alisogeza kiti. "Tuna utetezi mmoja mzuri sana. Uliona kitambaa cheupe ukadhani ni bendera ya Dewey. Mtu akichukua kitu akiamini kwa dhati kwamba amepewa, na ana sababu ya kuamini hivyo, huyo hana nia ya uhalifu. Hata wizi unaanguka. Unatoka mweupe."

"Haya, tumemaliza," Verlie akasema, akaanza kukoroga tena.

"Hatujamaliza. Kama aliamini amepewa kuku, kwa nini alivutana na mwenye kuku? Bendera ya ruhusa gani hiyo ambayo mtoa ruhusa anang'ang'ania mabawa? Hiyo kauli aliyompa Royce inaua kila kitu. Nguvu imo, vitisho vimo, 'mama, leo utaachia' imo. Na Bi Marlys hawezi kutuokoa, alikuwa ndani anatafuta simu. Kuanzia magoti mpaka mjeledi hakuna shahidi." Alimgeukia Clovis. "Ni wewe tu. Mlivutana?"

Clovis aligeuzia macho dirishani. Nje farasi wa jirani alipiga chafya.

"Mjomba, mlivutana au hamkuvutana?"

"Kidogo," alisema Clovis.

Verlie aligeuka na mwiko mkononi. Alikuwa ameishi na mtu huyu muda mrefu kiasi cha kujua kwamba "kidogo" yake haina maana hata kidogo. Akarudi kwenye sufuria.

Kijiji nacho kilikuja na msaada wake. Dewey aliingia bila kubisha hodi, nyuma yake wapanda farasi wote, kofia mikononi.

"Wakili, tumekubaliana," Dewey alisema. "Mwenye barakoa hajulikani. Sote tutaapa haikuwa Clovis."

"Kwa sababu zipi?"

"Kwa sababu kuku alikamatwa."

Wote wakaitikia kwa vichwa, kwa uzito. Alcee Guillory akaongeza kwamba yuko tayari kueleza habari ya boga, na mwingine habari ya mguu wa padri, na padri mwenyewe amekubali kuja, kovu analo.

"Ninyi nyote mtafungwa kwa kiapo cha uongo," Nanette alisema.

"Uongo gani? Mpaka leo mimi mwenyewe siamini," Dewey alisema.

Clovis aliinuka, uso umemwiva. "Nilimkamata mimi. Atakayeapa sikumkamata nitamchukia mpaka kaburini."

"Kaburi la gereza," Verlie alisema.

*

Siku ya kusikilizwa kwa awali mahakama ilijaa mpaka madirishani. Siku hiyo hakuna baraza la wazee wa mahakama, ni jaji tu, anayepima kama kuna sababu ya kutosha ya kumshtaki mtu. Jaji Odile Castille alikuwa mama mfupi mwenye miwani kwenye kamba, na alisoma kauli ya Clovis kwa sauti isiyo na rangi, mpaka kwenye chui, mpaka kwenye mti. Nyuma watu waliziba midomo kwa kofia.

Bi Marlys alisema ukweli wake wote kwa mpangilio, kama mwalimu. Aliona kiumbe, akaogopa, akaingia ndani. Aliporudi dirishani aliona mjeledi.

"Mjeledi ulimpiga nani?" Nanette aliuliza.

Alifikiri. "Ulimpiga mwizi."

"Huyu aliyeshika silaha alikuwa anamsaidia mwizi au anamtandika?"

"Alimtandika vizuri sana," alisema Bi Marlys, na kwa mara ya kwanza alionekana kuridhika kidogo.

"Na kuku wako, mlivutana na mshtakiwa?"

"Sikumbuki kuvutana." Alimtazama Clovis kwa mashaka. "Lakini bwana mwenyewe anasema tulivutana, na nilikuwa nimeogopa sana. Labda nimesahau."

Mwendesha mashtaka kutoka Shreveport alisimama akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Jaji, mlalamikaji amesahau kwa sababu ya hofu. Mshtakiwa anakumbuka. Serikali inamwamini mshtakiwa."

Sijui kama imewahi kutokea mahali pengine duniani, serikali ikamwamini mtu sana namna hiyo na yeye akatamani isimwamini.

Nanette alimwinamia Clovis sikioni. "Mjomba, sasa hivi. Ama unapanda pale unasema ilivyokuwa, ama narudi nyumbani kumwambia shangazi aanze kuuza vifaa vyako."

Clovis alipanda kizimbani. Aliapa. Alipotazama mbele aliona kijiji chote: Dewey anayebana benchi zima, Alcee, padri, Royce aliyekuwa anatazama viatu vyake. Verlie alikuwa mstari wa mbele na mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa utaruka. Hakuwa anacheka. Clovis hakukumbuka lini alimwona mkewe kuku wakitajwa asicheke.

"Bwana Vidrine," Nanette alianza, "ulipomrukia kuku, alikimbia upande gani?"

"Hakukimbia."

Benchi la Dewey lililia.

"Alipanda mti?"

"Hapana mti pale. Kuna kisiki."

"Basi alifanya nini?"

Clovis alijikuna shingo. "Nilianguka. Nilipoinuka alikuwa bado yupo." Akatafuta neno lenye heshima zaidi, hakulipata. "Alikaa."

"Samahani?" alisema jaji.

"Alikaa, mheshimiwa. Hivi." Na kwa kuwa hakuwa na maneno, Clovis alikunja magoti kizimbani, akatanua viwiko kidogo, akainamisha kichwa upande mmoja akimtazama jaji kwa jicho moja.

Karani aliacha kuandika.

"Na mwenye kuku alikuwa wapi?" Nanette aliendelea, sauti ikimtetemeka kwa kujizuia.

"Hakuwapo. Hakuna aliyevuta. Hakuna aliyeshika bawa. Niliona kitu cheupe nikadhani ni Dewey kapunga. Nikamwokota tu. Haya mengine nilisema dansini kwa sababu..." Alimtazama Verlie. "Kwa sababu walikuwa wananisikiliza."

Kisha Bi Marlys, bila kuulizwa, alisema, "Ni kweli, mheshimiwa. Hukaa hivyo hivyo. Hata posta wakija hukaa."

Hiyo iliwamaliza. Dewey alianza, na sauti yake ile ya kengele ilipofunguka hakuna aliyebaki. Padri aliegemea ukuta. Royce alitoka nje. Jaji Castille alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu wake, akaivaa tena.

"Serikali bado inamwamini mshtakiwa?" aliuliza.

Mwendesha mashtaka alifungua kile kifungo cha koti. "Inamwamini, mheshimiwa. Hilo ndilo tatizo."

Jaji alisema hajaona nguvu, hajaona vitisho, silaha ilitumika kwa mshtakiwa peke yake, na mtu anayepiga magoti kwenye ngazi akiimba ndipo achukue kuku hana sura ya mwizi, ana sura ya mtu aliyedhani karuhusiwa. Hakuna sababu ya kumshtaki. Mwendesha mashtaka naye akasema hatafungua shtaka jingine lolote, anaomba tu aruhusiwe kwenda nyumbani. Kisha jaji alimwambia Clovis, nje ya mambo ya sheria, kwamba ingekuwa vizuri amwendee yule mama na kumwomba radhi, akiwa na uso.

Alimwendea palepale. Bi Marlys alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama ni kweli anatengeneza mashine za majani, kwa kuwa ya kwake inatoa moshi wa bluu.

"Hizo ni pete za pistoni zimelika," Clovis alisema.

Verlie alimshika mkono wakatoka. Clovis alishuka ngazi za mahakama akiwa mtu huru, amepona miaka kumi kwa uchache, na alijua kabisa kinachomsubiri.

Walikuwa wamejipanga kuanzia ngazi ya chini mpaka kwenye magari. Alcee, wapanda farasi wote, hata padri mwishoni na kanzu yake. Mmoja baada ya mwingine walikunja magoti, wakatanua viwiko, wakainamisha vichwa na kumtazama kwa jicho moja. Dewey alikuwa wa kwanza, ameziba njia nzima, anatoa sauti ndogo za kooni.

Verlie aliuma mdomo. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Cheka tu," Clovis alimwambia.

"Sicheki. Niko na mume wangu."

Clovis angeweza kuwapita. Angeweza kuwatukana, na maneno alikuwa nayo. Badala yake alivua koti akampa mkewe, akapanga miguu, akamzungushia Dewey mikono kifuani na kumvuta juu kwa nguvu zake zote. Dewey hakuinuka hata inchi. Walianguka wote wawili kwenye majani, na kapteni, ambaye hakuwa ametegemea kukamatwa, akaanza kupiga kelele aachiwe.

"Huyu anakimbia," Clovis alisema chini yake, akihema, na hakumwachia.